Magdalene Odundo hakutengenezwa na mnada

Kila picha ya chungu cha Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya anayefanya kazi Uingereza, inapozunguka mtandaoni na bei ya mnada imeandikwa pembeni, mamia ya maelfu ya pauni, komenti zinakuwa zilezile. Kuna wanaoshangilia kwamba binti wa Nairobi amefika juu kabisa, na kuna wanaochukia, wanasema bibi zetu walifinyanga vyungu kama hivi maisha yao yote, wakauza kwa bei ya unga, hakuna aliyewapa nishani wala kuwaweka kwenye kabati la kioo, kwa hiyo Mzungu akikipenda chungu kinageuka dhahabu na asipokipenda kinabaki udongo. Naelewa hasira hiyo na sehemu yake nitaitetea hapa chini. Ila naona makundi yote mawili yameangalia bei yakaacha kuangalia kazi, na ukiacha kuangalia kazi ya huyu mama unapoteza jambo kubwa kuliko hela.

Msimamo wangu ni huu. Odundo ametengenezwa na shule, na shule iliyombadilisha kuliko zote haikuwa London. Ilikuwa ni kukaa na wafinyanzi wanawake wa Nigeria miaka ya 1974 na 1975, kwenye kituo kilichoanzishwa na Mwingereza, halafu kutoka pale akabeba ujuzi wa wale kina mama kuliko alivyobeba ujuzi wa mwanzilishi wa kituo. Uamuzi huo ndo umejenga kila kitu kilichofuata, na ndo unaotupa sisi huku kazi ya kufanya.

Tuanze na maisha yake maana watu wengi wanayajua nusunusu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, masomo ya utotoni akayapata India na Kenya, akasomea michoro ya biashara Kabete. Mwaka 1971 akaenda Uingereza, Cambridge, kuendelea na hiyohiyo fani ya michoro, yaani hakupanda ndege akiwa mfinyanzi. Udongo alikutana nao hukohuko, na baada ya muda mfupi michoro ikawa imekaa pembeni. Akaenda Nigeria, akarudi pia Kenya kuangalia wafinyanzi wa nyumbani, akasafiri hadi San Ildefonso kule New Mexico, kijiji cha wenyeji wa Marekani ambacho Maria Martinez alikifanya kijulikane dunia nzima kwa vyombo vyeusi vinavyong'aa. Digrii ya kwanza alimaliza 1976 katika chuo cha sanaa pale Farnham, akafundisha Commonwealth Institute ya London, akachukua shahada ya pili Royal College of Art akamaliza 1982. Baadaye akarudi kufundisha Farnham, akawa profesa mwaka 2001, na 2018 akasimikwa kuwa mkuu wa chuo kikuu hichohicho, University for the Creative Arts. Nishani ya OBE ilikuja 2008, na mwaka 2020 akapewa hadhi ya Dame, ambayo kwa wanawake ni kama Sir kwa wanaume. Ukihesabu toka afike Cambridge mpaka hapo ni karibu miaka hamsini, sasa mtu anayekuambia huyu ni mwanamke aliyebahatika Wazungu wakapenda chungu chake hajaangalia tarehe.

Lakini tarehe peke yake hazielezi kitu mpaka ujue alikuwa anaingia kwenye nyumba ya namna gani. Ufinyanzi wa studio wa Uingereza una babu yake anaitwa Bernard Leach, ambaye alizaliwa Hong Kong, akaishi Japani, na mwaka 1920 akafungua karakana St Ives kule Cornwall akiwa na rafiki yake Mjapani, Shoji Hamada. Aidia yao ilikuwa kwamba chombo kizuri kinafinyangwa na mtu mmoja kutoka udongo mpaka moto, tofauti na viwanda, na mafundi wao wa kuigwa walikuwa wa China, Korea na Japani pamoja na mafundi wa vijijini wa Uingereza ya zamani. Kutokana na hapo ikajengeka sheria ambayo haikuandikwa lakini wote waliijua: kazi ya maana inafanyika kwenye gurudumu, inachomwa moto mkali wa kupita digrii 1,200, inapakwa gilezi, yaani ule upako unaoyeyuka ukawa kama kioo juu ya udongo, na inatumika mezani. Walikuwepo waliokwenda njia nyingine, na wakubwa wao wawili walikuwa wakimbizi waliokimbia Wanazi, Lucie Rie aliyefika London kutoka Vienna mwaka 1938 na Hans Coper aliyetoka Ujerumani mwaka uliofuata. Naeleza haya kwa sababu kuna hoja inayorudiwa sana kwamba Uingereza imetupora Odundo, imembandika jina lake na kumfanya wa kwao. Mimi naona hiyo ndo hoja dhaifu kuliko zote. Ukitoa wageni kwenye ufinyanzi wa studio wa Uingereza sijui utabaki na nini. Mzaliwa wa Hong Kong, Mjapani, mwanamke wa Vienna, Mjerumani, halafu huyu wa Nairobi, hao ndo nguzo. Kuitwa mfinyanzi wa Uingereza hakumpunguzii Ukenya wake, kama ambavyo Lucie Rie hakuacha kuwa wa Vienna siku alipopewa nishani na Malkia. Na mwenyewe Odundo hajawahi kuficha anakotoka, kazi yake yote inasema.

Sasa tufike Abuja, kwenye kile kituo cha Nigeria, na hapa naomba msomaji avumilie maana ndo kiini. Mwanafunzi wa kwanza wa Leach kule St Ives, mwaka 1923, alikuwa kijana wa Kiingereza anaitwa Michael Cardew. Huyu alitaka vyombo vya bei nafuu vya watu wa kawaida, akafufua karakana ya Winchcombe, baadaye akajijengea nyingine Wenford Bridge, na mwaka 1942 serikali ya kikoloni ikampeleka Achimota, Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mradi mkubwa wa kiwanda kule Alajo ukafeli, akajaribu peke yake Vume kando ya Mto Volta, na kuanzia 1950 akawa Nigeria kama ofisa wa ufinyanzi wa serikali. Huko akaanzisha kituo cha mafunzo Abuja, na hiyo ni Abuja ya zamani, mji ambao leo unaitwa Suleja. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wanaume, akawafundisha gurudumu, moto mkali na gilezi za mawe ya hukohuko, yaani mafunzo ya St Ives yakahamia Nigeria. Na eneo lote lile lilikuwa tayari limejaa wafinyanzi, wanawake wa Kigwari, waliokuwa wakijenga mitungi mikubwa ya maji bila gurudumu, fundi anazunguka chungu kwa miguu yake, anarudi nyuma hatua kwa hatua huku mkono unavuta udongo juu, anaongeza pindi za udongo, anakwangua kwa kipande cha kibuyu. Cardew aliona mitungi ya mmoja wao kwenye kasri la Emir wa Abuja akashangaa. Jina la huyo fundi ni Ladi Kwali. Mwaka 1954 akaingia kituoni, mwanamke wa kwanza pale.

Ladi Kwali aliendelea kujenga kwa mkono kama alivyofundishwa utotoni, akachora mijusi, nge na samaki kwenye tumbo la mtungi, ila sasa mtungi ukapakwa gilezi na kuingia kwenye joko la moto mkali. Vikatokea vyombo vya ajabu, vikaonyeshwa London mwishoni mwa miaka ya 1950, akasafiri na Cardew mpaka Marekani 1972, na leo sura yake ipo kwenye noti ya naira 20. Sipunguzi kitu hapo. Lakini angalia kilichotokea kwa mtungi wenyewe. Mtungi wa maji wa udongo uliochomwa moto wa wastani bila gilezi una vitundu vidogo, maji yanapenya taratibu mpaka nje, yanakauka, na yanapokauka yanapoza yaliyobaki ndani, ndo maana maji ya mtungi ni ya baridi. Ukiupaka gilezi na kuuchoma mpaka uzibe, hiyo kazi imekufa, umebaki na mtungi wa kuangalia. Kwa maneno mengine, yule aliyeamini chombo lazima kitumike ndiye aliyeuondoa mtungi kwenye matumizi yake, na alifanya hivyo kwa kuwa sheria za St Ives zilimwambia moto mkali na gilezi ni hatua ya mbele. Cardew alikuwa mtu mnyoofu na aliipenda Afrika kwa dhati, hilo siwezi kumnyima, ila aliingia na mizani aliyoibeba kutoka kwao na akapimia humohumo.

Odundo alikutana na Cardew Uingereza, na ni Cardew aliyemtia moyo aende Abuja. Alipofika 1974 mzee alishastaafu karibu miaka kumi nyuma. Kituo kilikuwa na magurudumu, kilikuwa na majoko ya moto mkali, kilikuwa na gilezi. Angeweza kabisa kurudi England na hayo, na yangemfungulia milango haraka kwa sababu ndo yaliyokuwa yanaeleweka kule. Yeye akakaa na Ladi Kwali na wenzake kama Asibi Ido na Kande Ushafa, akajifunza kujenga kwa mkono. Na kazi zake zilizokomaa hazina gurudumu, hazina gilezi, hazina ule moto wa St Ives. Anajenga kwa mkono, anakwangua ukuta mpaka unakuwa mwembamba, anausugua mpaka ung'ae, anapaka udongo laini wa majimaji, anausugua tena. Akichoma kwenye joko lenye hewa ya kutosha kinatoka chekundu cha chungwa. Akikichoma tena kimefungiwa hewa pamoja na vitu vinavyoungua, moshi unaingia kwenye udongo kinakuwa cheusi, na mara nyingine moto unaacha mawingu ya rangi mbili kwenye chungu kimoja. Mng'aro wote ule unaouona kwenye picha ni udongo na kusugua tu. Kina mama wa Kigwari wangezijua hatua zake nyingi bila kuelezwa na mtu.

Hapo sasa nirudi kwa yule anayesema bibi yangu alifinyanga vilevile. Kwenye mbinu ana haki, tena ana haki zaidi ya anavyojua, na natamani wachambuzi wa Ulaya wangekuwa wanaanza na sentensi hiyo badala ya kumalizia nayo. Kwenye umbo hana haki. Chungu cha bibi kina sababu ya kila kitu, tumbo limekaa hivyo kwa ajili ya moto wa mafiga au kwa ajili ya ngata kichwani, shingo imekaa hivyo maji yasimwagike njiani. Odundo ameacha sababu hizo zote kwa makusudi akabaki na mwili wa chungu wenyewe, akaanza kuuchezesha: shingo inainama upande mmoja, mdomo unafunguka kama bawa, tumbo linakaa kwenye kitako kidogo mno kiasi kwamba unajiuliza kinasimamaje, ubavuni kuna vijinundu vidogo kama uti wa mgongo au vitovu. Watu wameziona kwenye shingo zile nywele na vichwa virefu vya vyombo vya Wamangbetu wa Congo, wameona wanawake wajawazito, wameona mavazi ya kifahari ya Uingereza ya zamani. Katika maonyesho yake makubwa ya Hepworth Wakefield mwaka 2019 alichagua mwenyewe vitu vya kukaa karibu na vyungu vyake, vya Ugiriki ya kale, vya Afrika, vya Asia, sanamu za Wafaransa Rodin na Degas, akionyesha wazi macho yake yalikuwa yanasoma wapi. Kuchukua ujuzi wa mtungi na kuupeleka kwenye mazungumzo ya namna hiyo bila kuuvunja ni kazi ya kichwa, na kusema bibi yako alifanya vilevile ni kumkosea Odundo na ni kumkosea bibi pia, kwa kuwa bibi alikuwa na lengo lake na alilifikia.

Sasa hoja yenye uzito, ile ambayo sioni namna ya kuipinga. Waswahili walishasema mfinyanzi hulia gaeni, na hali hiyo haijabadilika. Ingia makumbusho yoyote kubwa ya Ulaya kwenye sehemu ya Afrika utakuta mtungi mzuri wa kukuacha umesimama, na karatasi yake imeandika jina la kabila, jina la aliyeununua au aliyeutoa zawadi, na mwaka ulioingia. Jina la fundi hakuna. Aliyeuchukua hakuuliza, na aliyeuandika kwenye daftari hakuona kama kuna pengo. Ladi Kwali ametoka kwenye giza hilo kwa sababu kulikuwa na kituo, kulikuwa na mtu aliyeandika, kulikuwa na picha. Waliomfundisha Ladi Kwali, na mafundi wa vijiji vya jirani waliokuwa hodari kama yeye, hatuna majina yao mengi. Kwa hiyo mtu akiuona mtungi usio na jina na pembeni yake chungu chenye jina na bei ya nyumba, akikasirika, amekasirika kihalali. Tofauti ya vitu hivyo viwili kwa sehemu ni umbo kama nilivyosema, na kwa sehemu nyingine kubwa ni kwamba mmoja ameandikwa na mwingine hajaandikwa.

Ila hasira hiyo inapelekwa kwenye mlango usio wake. Kumlaumu Odundo kwa bei ni kumlaumu mtu pekee kwenye mlolongo huu ambaye mara kwa mara anawataja walimu wake wa Abuja. Na kulilaumu soko la London tukaishia hapo kunatusahaulisha kuuliza thamani ile imejengwaje. Imejengwa na chuo kilichokuwa na idara ya keramiki, yaani ufinyanzi, na majoko ya kuchezea mpaka ukosee na kurudia. Imejengwa na British Museum na makumbusho mengine waliokubali kununua kazi yake mapema na kuiweka wazi watu wazione. Imejengwa na watu wa kuandika, katalogi, maonyesho ya miaka na miaka, wanunuzi wanaojua wananunua nini. Hata Uingereza wenyewe wakiacha kulitunza hilo linakufa, wameshafunga kozi kadhaa za keramiki kwenye vyuo vyao kwa sababu majoko ni gharama na wanafunzi ni wachache, na walimu wao wanalia kwamba kizazi kijacho hakitakuwa na pa kujifunzia. Kipaji kinaweza kuzaliwa popote, Nairobi 1950 kimoja kimezaliwa, na kilihitaji kusafiri mabara matatu kukusanya shule ambayo hakuna sehemu moja iliyokuwa nayo yote.

Wapo watakaosema nchi zetu zina shida kubwa kuliko keramiki, hospitali kwanza, maji kwanza. Nakubali upangaji huo wa bajeti, sipingi. Lakini ninachokizungumzia hakidai majengo. Wafinyanzi wetu wapo hai. Wanawake wa Kikisi kule Ziwa Nyasa wanafinyanga mpaka leo, vyungu vyao unavikuta soko la Matema, vinapanda mpaka Mbeya na zaidi, vyembamba, vimesuguliwa vizuri, vimepambwa kwa udongo mweupe na mwekundu, nimepikia vyungu hivyo na naweza kukuambia ni ufundi wa daraja la juu. Upareni wapo, magharibi mwa Kenya wapo, Uganda wapo. Kila mmoja wao akifariki bila kuandikwa, tunakuwa tumefanya wenyewe kile tunachoilaumia makumbusho ya Ulaya, tena sisi hatuna hata kisingizio cha kutojua lugha yake.

Na mfano wa nini kifanyike upo hukohuko Nigeria, kwa bahati mbaya hautajwi kwenye stori hizi kwa sababu hauna bei. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kule Zaria kilimwingiza Ladi Kwali kufundisha kwa vitendo, mwanamke ambaye hakupitia shule rasmi, na mwaka 1977 kikampa udaktari wa heshima. Wanafunzi wa sanaa wa Nigeria wakamwona akizunguka mtungi wake mbele yao, wakajua kwamba huo ni ujuzi wa chuo kikuu sawa na mwingine wowote. Idara za sanaa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinaweza kumwandikia mfinyanzi wa Matema au wa Upareni barua ya mkufunzi wa vitendo, kwa malipo ya mkufunzi, akaja na udongo wake na moto wake, na mwanafunzi atakayejifunza kwake akaandika jina lake kamili kwenye kazi yake ya mwisho, kama Odundo anavyowataja wa kwake.